Kuongoza Wahifadhi wa Makumbusho Makubwa: Mwongozo kwa Mfano wa Rungwe

Historia ya Rungwe, wilaya ya kusini magharibi mwa Tanzania, imetawanyika duniani. Boma ambalo Wajerumani walilijenga Tukuyu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mji ukiitwa Neu Langenburg, limebaki pale pale. Lakini nyaraka za wamisionari wa Moravian waliofika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891 zinatunzwa Herrnhut, Ujerumani. Madaftari ya Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, yako Chuo Kikuu cha Cape Town. Na kielelezo cha kima aitwaye kipunji, aliyenaswa kwenye mlima huo huo, kimehifadhiwa Chicago.

Kwa sababu hiyo wilaya hii ni kipimo kizuri kwa mtu anayekabidhiwa idara ya wahifadhi katika makumbusho makubwa ya historia, yawe ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Kabla hajashika kalamu kupanga lolote, ajiulize swali moja: kama angeagizwa kuandaa ukumbi wa Rungwe ndani ya miaka mitatu, angeanzia wapi?

Wengi wangeanza na onesho: rangi za kuta, makabati ya vioo, taa, hotuba ya ufunguzi. Huo ni mwanzo mbaya. Mkuu wa wahifadhi hupimwa kwa mambo mawili ambayo mgeni aliyelipa kiingilio hayaoni: usahihi wa sajili yake, na uhusiano wake na watu ambao vitu vilitoka kwao. Hayo mawili yakikaa sawa, onesho hupata msingi. Yakilegea, hata ukumbi wa kupendeza utakuwa umejengwa juu ya maswali yasiyo na majibu.

Sajili kwanza

Mwaka 1984 wezi waliiba vitu 17 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kimojawapo kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na mwaka 1990 profesa wa Kiitalia, Enrico Castelli, akagundua kwamba kilikuwa kati ya vitu vilivyoibwa. Zikafuata barua, vikao na miaka ya kungoja. Tarehe 10 Mei 2010 makubaliano yakatiwa saini jijini Paris na kinyago kikarudi Tanzania.

Kisa hiki kina somo la kazi. Tanzania iliridhia mwaka 1977 Mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara haramu ya mali za utamaduni, lakini Uswisi iliuridhia mwaka 2003 tu, na mkataba huo haushughulikii mambo yaliyotokea kabla ya nchi kujiunga. Sheria pekee isingetosha kukirudisha kinyago. Katika hali kama hiyo nguvu ya makumbusho iko kwenye uwezo wa kuonesha kwamba kitu fulani, chenye umbo fulani na alama fulani, kilikuwa ghalani mwake siku fulani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makumbusho, hata habari ikipatikana, bila daftari hakuna atakayeiamini.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza itumike kukagua. Njia rahisi ni ya pande mbili. Chukua namba 50 kutoka kwenye sajili bila kuchagua, kisha nenda ghalani uzitafute. Baadaye chukua vitu 50 kutoka kwenye rafu, navyo bila kuchagua, urudi kwenye sajili kuvitafuta. Idadi ya vilivyokosekana kila upande itamwambia mkuu wa idara ukweli wa hali kuliko ripoti yoyote atakayokabidhiwa. Vikikosekana vingi upande wa kwanza, kuna upotevu au vitu vimewekwa mahali pasipo pake. Vikikosekana vingi upande wa pili, kuna vitu vilivyoingia bila kupokelewa rasmi, na hivyo huwa ndivyo rahisi kutoka bila mtu kujua.

Kila kitu kinahitaji namba moja isiyorudiwa, iliyoandikwa kwenye kitu chenyewe kwa njia isiyokiharibu. Kinahitaji pia maelezo ya malighafi, vipimo, picha ya pande zote, mahali kilipotoka, aliyekitoa, namna alivyokipata, na rafu kilipo leo. Ongeza jina lake kwa lugha ya waliokitengeneza. Chungu kilichofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kikiandikwa tu "chungu, udongo, Mbeya", kimepoteza nusu ya historia yake. Haitajulikana kwamba vyungu hivyo vilisafirishwa kwa mitumbwi na kufika kwenye masoko ya Wanyakyusa, wala kwamba ufinyanzi ulikuwa kazi ya kundi maalumu la watu.

Nakala ya sajili iwekwe nje ya jengo. Moto na maji havichagui kati ya kitu na karatasi inayokieleza.

Watu wa idara

Idara ya makumbusho makubwa huwa na wahifadhi wa fani mbalimbali: historia, mila, malikale, biolojia, sanaa. Huwa pia na msajili, fundi wa kutibu vitu, mtunza ghala na mpigapicha. Kila fani ina mazoea yake, na mara nyingi kila mhifadhi huona kabati lake kuwa himaya yake. Kazi ya kwanza ya mkuu ni kuweka wazi nani anaamua nini. Kupokea kitu kipya, kuazimisha, kukitoa ghalani kwa ajili ya picha au sherehe, kukipeleka maabara: kila kimoja kiwe na fomu, saini na mwenye dhamana.

Uamuzi wa kupokea usiachwe kwa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mkuu mwenyewe. Kamati ndogo ya watu wanne au watano, inayokutana kila mwezi, humlinda kila mtu. Ofisa mkubwa akipiga simu kutaka kuazima kigoda cha chifu kwa ajili ya hafla, mhifadhi kijana hawezi kusema hapana peke yake. Kamati inaweza, na mkuu wa idara ndiye anayepaswa kulibeba jibu hilo kwa adabu na kwa maandishi.

Mtunza ghala aliyekaa miaka 30 anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote: sanduku lipi liliwahi kulowa, kitu kipi kilibadilishwa namba, nani alikuja kukitazama. Mkuu mwenye busara hukaa naye, hurekodi anayoyasema, na humpa msaidizi wa kurithi kazi kabla ya siku ya kustaafu.

Mafunzo yapo karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu katikati ya miaka ya 1980, na kituo cha CHDA (Centre for Heritage Development in Africa) cha Mombasa kilianzishwa kutokana na programu ya ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mali za utamaduni, ya kuwaandaa wataalamu wa makumbusho ya Afrika. Bajeti ya idara iwe na fungu la masomo kila mwaka, lisiloguswa fedha zinapobana upande mwingine.

Kufuatilia vilivyotawanyika

Tukirudi kwenye ukumbi wa Rungwe, mkuu wa wahifadhi atagundua mapema kwamba hawezi kuutegemea mkusanyo wa nyumbani peke yake. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani, alizunguka maeneo ya Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19, akapima miili ya watu, akapiga picha, na mwaka 1906 akachapisha Berlin kitabu kikubwa kuhusu nchi hiyo na wakazi wake. Mkusanyo wa ethnolojia wa Berlin una maelfu ya vitu kutoka Tanzania. Wamoravian nao walipeleka Herrnhut vitu kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikofanya kazi.

Nchi jirani zimeonesha njia. Kenya, kupitia mradi wa orodha ya kimataifa ulioyashirikisha Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo, ilitambua zaidi ya vitu 32,000 vilivyoko katika taasisi za Ulaya na Marekani. Orodha hiyo haikurudisha kitu hata kimoja kwa yenyewe, lakini ilibadilisha mazungumzo: badala ya kusema "mali zetu ziko nje", Nairobi iliweza kutaja taasisi na namba. Uganda nayo, mnamo Juni 2024, ilipokea vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Vitu hivyo vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu, na hapo msomaji anaona kwa nini mkuu wa idara lazima asome kila neno la mkataba. Mkopo una tarehe ya kwisha na masharti ya ulinzi. Umiliki ni jambo jingine.

Barua ya maombi kwa makumbusho ya nje isiwe ya jumla. Itaje kipindi, mkusanyaji, eneo na aina ya kitu. Iombe kwanza nakala za picha, kadi za usajili na shajara za safari, kwa kuwa hizo hupatikana kwa urahisi zaidi na ndizo zinazoonesha namna kitu kilivyopatikana: kwa kununuliwa, kwa zawadi, kwa kunyang'anywa vitani au kwa kuchukuliwa kaburini. Baada ya kuzipata, rudi nazo Rungwe, uzioneshe kwa wazee kabla ya kuamua ombi litakalofuata. Huenda wakasema kitu fulani hakina uzito wowote kwao, na kingine ambacho mhifadhi alikipita bila kukitazama ni cha ukoo unaojulikana kwa jina.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Humboldt Forum ya Berlin ilifungua onesho kuhusu historia za Tanzania, lililoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ushirikiano wa namna hiyo unahitaji mkuu wa wahifadhi anayeingia mkutanoni akiwa na orodha yake na masharti yake. Asiye na vitu hivyo atasaini masharti ya mwenzake.

Mabaki ya binadamu

Hakuna eneo linalodai umakini kama hili. Fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, lilitajwa katika Mkataba wa Versailles, lakini lilirudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954 tu, likikabidhiwa na Gavana Edward Twining. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mengi yalitoka Rwanda, na 202 yalihusishwa na Tanzania. Baadaye mwaka huo vipimo vya vinasaba viliyaunganisha baadhi ya mafuvu na familia zilizo hai za Wachaga. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akiwa kwenye Makumbusho ya Kumbukumbu ya Majimaji mjini Songea, aliomba msamaha kwa ukatili uliofanywa na nchi yake.

Mkuu wa idara achukue hatua nne. Kwanza, ajue kama ghala lake lina mabaki ya binadamu, kwa kuwa makumbusho ya Afrika nayo yaliyarithi kutoka kwa watawala. Pili, yaondolewe kwenye maonesho na kwenye rafu za kawaida, yawekwe mahali pa staha penye ufunguo wake. Tatu, picha zake zisitolewe kwa vyombo vya habari bila idhini ya familia au jamii inayohusika. Nne, familia ikijulikana, isikie habari kutoka kwa makumbusho kwa mdomo wa mtu aliyefika nyumbani kwao, kabla haijasomwa gazetini.

Mvua, wadudu na ghala

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Anayejua nyumba za huko anajua ukungu unavyoingia kwenye viatu vilivyosahauliwa uvunguni. Dar es Salaam ina joto na chumvi ya bahari. Mkeka au kikapu kilichosukwa kwenye baridi ya Rungwe kikisafirishwa hadi pwani hupata mshtuko wa hali ya hewa, na nyuzi zake zinaweza kukatika.

Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota kwenye ngozi, nguo na karatasi. Vifaa vidogo vya kurekodi joto na unyevu viwekwe katika kila chumba cha ghala na visomwe kila wiki. Kudhibiti hewa kwa mashine ni ghali, na umeme ukikatika usiku hali hubadilika ghafla kuliko ilivyokuwa bila mashine. Mara nyingi paa lisilovuja, madirisha yanayofungwa vizuri, rafu zilizoachana na ukuta na masanduku mazuri hufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo.

Mchwa na bungua hula mbao kimyakimya. Mitego ya gundi iwekwe sakafuni pembezoni mwa kuta, na anayeikagua aandike tarehe, chumba na aina ya mdudu. Kila kitu kipya kikae karantini kwanza. Nguo, manyoya na vitu vidogo vya mbao vinaweza kufungwa vizuri kwenye plastiki na kugandishwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Kwa vitu vya zamani, wafanyakazi wavae glovu na barakoa: miongo mingi iliyopita makumbusho mengi duniani yalipaka mikusanyo yao sumu kama aseniki na DDT, na mabaki yake yapo bado.

Kwa ghala lililojaa hadi mlangoni, ICCROM ina utaratibu uitwao RE-ORG, uliotengenezwa kwa ajili ya makumbusho yenye watu wachache na fedha kidogo. Unamtaka mkuu wa idara ahesabu nafasi, atenganishe vitu na takataka za ofisi, kisha apange upya hatua kwa hatua.

Jengo lenyewe ni sehemu ya mkusanyo. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 na ambalo limewahi kuwa makumbusho, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo. Tukio hilo limkumbushe kila mkuu wa wahifadhi kudai mpango wa dharura ulioandikwa: vitu gani 20 vitaokolewa kwanza, nani ana funguo, vitapelekwa wapi, na kwa gari gani.

Ukumbi wenyewe

Sasa onesho linaweza kuanza. Rungwe ina hadithi nyingi, na kosa la kawaida ni kuzibana zote kwenye mabango marefu. Afadhali kuchagua nne au tano na kuzipa nafasi ya kutosha.

Ya kwanza inaweza kuwa vijiji vya marika. Wavulana wa Kinyakyusa walikuwa wakiondoka kwa wazazi na kujenga kijiji chao na wenzao wa rika moja, na baada ya kizazi, katika sherehe iitwayo ubusoka, baba walikabidhi uongozi na ardhi kwa watoto wao. Monica Wilson aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kilichotoka mwaka 1951. Lakini hakufanya kazi peke yake. Leonard Mwaisumo, aliyeishi kati ya mwaka 1910 na 1938, alikuwa karani na mkalimani wa akina Wilson. Watafiti waliandika sura nzima kumhusu katika kitabu cha mwaka 2013 kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake. Ukumbi wa haki utaweka jina la Mwaisumo kwenye bango kwa herufi za ukubwa ule ule.

Ya pili ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwishoni mwa Mei 1916 vikosi vya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey viliingia Neu Langenburg. Masoko, kando ya ziwa la volkano, palikuwa na kambi ya askari wa Kijerumani, na wenyeji husimulia habari za sarafu zilizotupwa ziwani. Hapa mhifadhi atofautishe wazi: lililo kwenye nyaraka liandikwe kama nyaraka inavyosema, na simulizi iandikwe kama simulizi, pamoja na kijiji ilikosimuliwa. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya pande zote mbili wapewe nafasi sawa na majenerali.

Ya tatu ni kazi na fedha: jembe la chuma lililonunuliwa kwa Wakinga, kahawa na chai za wakulima wadogo, na vijana walioondoka kwenda migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Barua, vitambulisho na masanduku ya wasafiri hao yamo ndani ya nyumba za watu mpaka leo.

Ya nne ni kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimfahamu na kumsimulia kabla watafiti wa Wildlife Conservation Society hawajathibitisha mwaka 2003 kwamba yupo. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kutokana na kielelezo cha mnyama aliyenaswa kwenye mtego wa mkulima. Ni mfano bora wa kumfundisha mwanafunzi kwamba maarifa ya mzee ni chanzo cha kuandikwa kwenye bango, kikiwa na heshima ya chanzo kingine chochote.

Ya tano iwe ya karibu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Jezi, tiketi, picha na kanda za redio za msimu huo ni mali ya historia sawasawa na ngao na mkuki.

Mabango yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, sentensi fupi, maneno yasiyozidi 80 kwa kitu kimoja, na majina ya vitu kwa Kinyakyusa. Yasomwe kwa sauti mbele ya mwanafunzi wa sekondari wa Tukuyu kabla hayajachapwa. Asipoelewa, yaandikwe upya.

Visivyowekwa kabatini

Lubaga, karibu na Tukuyu, ni mahali pa Lwembe, ambaye kwake Wanyakyusa na majirani zao walifanya matambiko ya mvua na ya neema ya ardhi. Kando ya Ziwa Nyasa kuna pango linalohusishwa na Kyala, jina la Mungu kwa Kinyakyusa. Mahali kama hapa pana miti, mawe, njia na watu wenye haki ya kuingia. Mhifadhi mkuu anayetaka kuonesha imani hizo jijini asifikirie kung'oa chochote.

Utaratibu una ngazi zake. Aanze na ofisa utamaduni wa halmashauri, apite kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji, ndipo afike kwa wazee wa ukoo. Aketi, asalimie, aeleze shida yake, kisha anyamaze asikilize. Wakisema picha isipigwe, kamera ibaki kwenye begi. Wakisema jambo fulani linaweza kusimuliwa lakini lisioneshwe, bango liseme hivyo hivyo, na mgeni ajue kwamba wenyewe ndio walioamua. Uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, lakini ukoo wa malafyale, yaani chifu wa Kinyakyusa, bado unajua makaburi yake yako wapi.

Pia mhifadhi asiende na daftari tupu na kurudi na daftari lililojaa bila kuacha kitu. Nakala za picha za zamani, za Fülleborn, za wamisionari na za akina Wilson, ziachwe kijijini na kwenye shule ya karibu. Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam yalijenga jina kwa siku za utamaduni ambapo jamii zilialikwa kujionesha zenyewe, ngoma zao na vyakula vyao. Kanuni hiyo ifanye kazi hata nje ya sherehe: watu wa Rungwe walioko jijini waitwe kwenye kamati ya ukumbi tangu mwezi wa kwanza, na kura yao ihesabiwe.

Mwaka wa kwanza

Kwa anayeanza kazi Julai, pamoja na mwaka wa fedha wa serikali, ratiba inaweza kuwa hivi. Julai hadi Septemba: ukaguzi wa sajili na ghala, na ripoti ya ukweli kwa Mkurugenzi Mkuu. Oktoba hadi Desemba: kamati ya mikusanyo iundwe, sera ya kupokea na kuazimisha iandikwe, mpango wa dharura ujaribiwe kwa zoezi halisi. Januari hadi Machi: barua kwa taasisi za nje, safari za mwanzo vijijini. Kwa Rungwe, izingatiwe kwamba Machi na Aprili barabara nyingi za vumbi huwa tope, hivyo safari ndefu zisogezwe hadi Juni. Aprili hadi Juni: orodha ya vitu vya ukumbi, bajeti, na mkutano wa kwanza na wazee.

Bajeti iandikwe kwa lugha ya hasara. Wanaopitisha fedha hawasisimkwi na neno "karantini", lakini wanaelewa wakioneshwa picha ya ngoma iliyoliwa na bungua, pembeni yake bei ya friza moja. Sheria nazo ziwe mezani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na marekebisho yake ya 1979, pamoja na sheria ya mwaka 1980 iliyounda Makumbusho ya Taifa. Atakayechimba, atakayenunua au atakayesafirisha kitu nje ya nchi bila kibali ameiweka idara nzima hatarini.

Na wewe msomaji ambaye huongozi idara yoyote, una sehemu yako. Kama una picha ya zamani kutoka Tukuyu, Kiwira, Masoko au Busokelo, andika nyuma yake kwa penseli majina ya waliomo, mahali na mwaka. Ukiamua kuipeleka makumbusho, dai hati ya kupokelewa yenye namba. Wachezaji wa Tukuyu Stars wa mwaka 1986 sasa ni wazee. Anayewafahamu aende akarekodi sauti zao mwaka huu.